Daftari la Matoleo na Utafutaji wa Chanzo cha Kasoro katika Programu za Kompyuta

Wataalamu wa miswada ya kale wajua sana ya kuwa kosa la mnakili halifi pamoja na mnakili. Likiisha kuingia katika nakala moja, hurithiwa na kila nakala itakayotolewa humo. Na aghalabu ni kwa makosa yanayoshirikiwa ndipo nasaba ya nakala inapotambulikana. Njia hiyo, inayohusishwa na jina la mwanafilolojia Mjerumani Karl Lachmann (1793–1851), ilikuzwa na wahariri wa matini za Kigiriki na Kilatini, wala mtu anayelinganisha miswada ya tenzi za pwani ya Afrika ya Mashariki hawezi kuiepuka kabisa. Shida yake nayo yajulikana. Nakala nyingi zimepotea, nyingine hazina tarehe, na mhariri hulazimika kukisia yaliyokuwamo katika kiungo asichokiona.

Iko jamii nyingine ya waandishi iliyokutwa na shida ya namna hiyo, ikaitatua kwa njia ambayo mwanafilolojia angeweza kuionea wivu. Nao ni watunzi wa programu za kompyuta. Matini yao hubadilishwa kila siku, tena na watu wengi wasioonana. Kosa likiingia leo hurithiwa na matoleo yote ya kesho. Lakini tangu miaka ya 1970 wamejenga desturi ya kuhifadhi kila hali ambayo matini imepitia, pamoja na jina la aliyeibadilisha, tarehe, na sababu aliyoitoa. Makala haya yaeleza jinsi desturi hiyo, iliyoanzishwa kwa ajili ya kutunza, ilivyogeuka kuwa njia ya kutoa ushahidi. Na jinsi ushahidi huo ulivyozusha swali ambalo hesabu haiwezi kulijibu, yaani nani mwenye kosa.

Maana ya uharibikaji

Yafaa kwanza itengwe aina moja ya kasoro. Kuna programu ambayo haijapata kufanya kazi fulani sawasawa tangu ilipotungwa. Na kuna programu iliyofanya kazi hiyo vizuri jana, ikashindwa leo baada ya kurekebishwa. Hii ya pili ndiyo inayohusika hapa. Katika makala haya hali hiyo itaitwa uharibikaji, kwa kuwa kitenzi kuharibika chabeba ndani yake habari ya uzima uliotangulia: hakiharibiki ila kilichokuwa kizima. Uzima huo wa zamani si jambo dogo, maana ndio unaompa mtafutaji mpaka wa nyuma. Ajua ya kuwa kosa liliingia baada ya siku fulani na kabla ya siku nyingine. Lililobaki ni kupunguza nafasi iliyo katikati.

Kwamba programu huharibika ni jambo lililojulikana mapema. Maurice Wilkes, ambaye kompyuta yake ya EDSAC ilianza kazi huko Cambridge mwezi wa Mei 1949, alisimulia katika kumbukumbu za maisha yake zilizochapwa mwaka 1985 jinsi ilivyompitikia ghafula, siku moja akiwa ngazini, ya kwamba sehemu kubwa ya umri wake uliobaki ingekwisha katika kutafuta makosa ya programu zake mwenyewe. Frederick Brooks, aliyesimamia utungaji wa mfumo wa OS/360 wa kampuni ya IBM, aliongeza jambo zito zaidi katika kitabu chake cha mwaka 1975. Alisema ya kwamba kila kasoro inayorekebishwa ina nafasi ya asilimia 20 hata 50 ya kuzaa kasoro nyingine. Tabibu wa programu, basi, huenda akawa ndiye mletaji wa ugonjwa mpya.

Katika siku hizo njia ya kukitafuta chanzo ilikuwa moja: kuisoma matini na kufikiri. Njia hiyo yataka ujuzi mwingi. Asiyeifahamu programu tangu ndani hakuwa na la kufanya ila kuungama ya kuwa imeharibika, na kungoja mwenye kuijua apate nafasi.

Waanzilishi wa daftari

Mwaka 1972 Marc Rochkind, wa Bell Labs nchini Marekani, alitunga programu iliyoitwa SCCS, na maelezo yake yakachapwa Desemba 1975. Kazi yake ilikuwa kuhifadhi matoleo yote ya matini moja ndani ya faili moja. Rochkind hakuweka nakala nzima nzima. Aliisuka mistari yote iliyopata kuwako, ya zamani na ya sasa, akatia alama za kuonyesha kila mstari uliingia katika toleo gani, na kama uliondolewa, uliondolewa katika lipi. Mhariri aliyezoea kuandika chini ya ukurasa tofauti za miswada angeuelewa mpango huo upesi.

Miaka kumi baadaye, yaani mwaka 1982, Walter Tichy wa Chuo Kikuu cha Purdue alileta RCS. Yeye aliona ya kwamba watu huomba toleo la mwisho mara nyingi kuliko la kwanza. Kwa hiyo alihifadhi toleo la mwisho likiwa kamili, akaandika tofauti za kurudi nyuma. Anayetaka la kale huanza na la leo, akafuata tofauti hizo hatua kwa hatua.

Vyombo hivyo viwili vilitunza kila faili peke yake. Dick Grune, mwalimu wa Vrije Universiteit huko Amsterdam, alianzisha CVS mwaka 1986 ili watu kadhaa waweze kufanya kazi juu ya matini ile ile bila ya mmoja kumfungia mwenziwe mlango. Faida yake ilikuwa kubwa, ila upungufu mmoja ulibaki. Badiliko lililogusa faili kumi liliandikwa kama mambo kumi mbalimbali, na mtu akiuliza kazi nzima ilikuwaje saa fulani ya siku fulani, jibu lilipaswa kukusanywa kwa kukisia tarehe. Upungufu huo ulirekebishwa na Subversion, iliyoanzishwa mwaka 2000 na kufikia toleo lake la 1.0 Februari 2004. Humo kila badiliko, likiwa limegusa faili moja au mia, lilipewa nambari moja, na nambari hiyo ilikuwa jina la hali ya kazi nzima. Jambo hili laweza kuonekana kuwa la makarani tu. Kumbe ni sharti la ushahidi, kwa sababu shahidi asiyeweza kusema mambo yote yalikuwaje kwa wakati mmoja hawezi kuhojiwa.

Kugawa nusu kwa nusu

Wazo la kutafuta kwa kugawa nusu lilijulikana tangu mwanzo wa kompyuta. John Mauchly alilieleza katika mihadhara ya Moore School huko Philadelphia mwaka 1946. Mtu anayetafuta neno katika kamusi hufanya mfano wake: hufungua katikati, akatazama kama neno liko kabla au baada, akaiacha nusu isiyofaa. Lililokuja kuwa jipya ni kulitumia wazo hilo juu ya wakati, mahali pa orodha ya maneno.

Ushahidi wa wazi wa mbinu hiyo umo katika nyaraka za Linux, mfumo wa kompyuta ulioanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991. Tarehe 2 Machi 1996 Larry McVoy aliandika mwongozo mfupi kwa ajili ya watu wasiojua lolote la ndani ya mfumo huo. Alidai mambo mawili tu: kasoro iwe ya kuweza kuonyeshwa kila inapotakiwa, na yawepo matoleo yote tangu lile lililo zima hata lile lililoharibika. Mtafutaji huchukua toleo la katikati, akalijaribu. Likiwa zima, kosa liliingia baadaye; likiwa bovu, liliingia kabla yake au ndani yake. Nusu moja hutupwa, na nusu iliyobaki hugawanywa tena, mpaka yabaki matoleo mawili yanayofuatana, moja zima na moja bovu.

McVoy aliomba radhi kwa mabingwa, akikiri ya kuwa hiyo ni njia ya nguvu tupu ambayo bingwa asingeitumia. Hata hivyo alisema yafaa, tena yawawezesha wasio mabingwa kusaidia. Neno hilo la mwisho ndilo lenye uzito. Kabla ya hapo mtumiaji wa kawaida alikuwa mlalamikaji tu. Sasa, bila ya kuelewa mstari hata mmoja wa matini, aliweza kuleta mbele ya wenye kazi neno ambalo mabingwa wenyewe hawakuwa nalo: lilikuwa zima hapa, likaharibika hapa.

Hesabu ya mbinu hiyo ni nyepesi, na matokeo yake ni makubwa. Mabadiliko 1,000 huhitaji majaribio 10 hivi. Mabadiliko 1,000,000 huhitaji 20. Kila idadi inapoongezeka maradufu, kazi ya mtafutaji huongezeka kwa jaribio moja tu.

Mwaka 1997 Brian Ness na Viet Ngo, wa Cray Research, walieleza katika mkutano wa wataalamu jinsi walivyoitumia mbinu hiyo katika programu za kutafsiri lugha za kompyuta. Mabadiliko yalipangwa katika mstari mmoja, na jaribio liliposhindwa, mstari ulikatwa nusu kwa nusu hata badiliko lenye dosari likajulikana. Shabaha yao ya kwanza haikuwa kuelewa kosa. Walitaka kulizuia: badiliko hilo liondolewe mara moja, kazi ya wengine iendelee, na mwenyewe alichunguze kwa nafasi yake. Ni kama dau linalovuja. Tundu huzibwa kwanza, na mjadala wa aliyeligongesha mwamba hungoja ufukweni.

Neno moja kati ya mistari 178,000

Mfano utakaowavutia zaidi wanafunzi wa lugha ulitolewa mwaka 1999 na Andreas Zeller, mtaalamu wa Ujerumani. Yeye alikuwa mmoja wa watungaji wa DDD, programu inayomwonyesha mtumiaji kwa picha mambo yanayotendwa na programu nyingine iitwayo GDB. GDB ilipotoka toleo la 4.16 kwenda la 4.17, DDD iliharibika, ingawa yenyewe haikuguswa. Baina ya matoleo hayo mawili ya GDB kulikuwa na tofauti za mistari 178,000, na daftari la kuonyesha mfuatano wake halikuwa mkononi. Zeller aliitungia hali hiyo mbinu pana zaidi ya kugawa nusu: tofauti zenyewe zigawanywe katika mafungu, mafungu yajaribiwe mbalimbali na kwa pamoja, hata lipatikane fungu dogo kabisa linalotosha kuleta kasoro.

Baada ya majaribio mengi yaliyofanywa na kompyuta yenyewe, jibu lilipatikana. Kosa lilitokana na badiliko la maneno katika sentensi moja ya msaada. Mahali palipokuwa na neno la Kiingereza lenye maana ya “hoja”, yaani mambo ambayo programu hupewa inapoanza, pakaandikwa maneno yenye maana ya “orodha ya hoja”. Kwa msomaji binadamu huo ulikuwa usahihishaji mwema, kwani maelezo yaliongezeka uwazi. Lakini sentensi ile ile ilitumiwa pia kuunda jibu ambalo GDB huwapa wanaoiuliza, na DDD ilikuwa imefundishwa kulitambua jibu hilo kwa maneno yake ya awali. Maneno yalipobadilika, DDD haikuelewa tena.

Hakuna bingwa ambaye angeanza utafutaji wake katika sentensi ya msaada. Angeenda kwenye mahesabu magumu, mahali anapotazamia makosa kukaa. Mbinu ya kugawa haina matazamio. Haijui lipi kubwa na lipi dogo, na kwa kutojua huko haikulipuuza neno lililoonekana halina madhara.

Nasaba badala ya mstari

Linux yenyewe ilitumia daftari liitwalo BitKeeper, kazi ya kampuni ya McVoy, tangu 2002. Ruhusa ya kulitumia bila malipo ilipoondolewa mwaka 2005, Torvalds alianza kutunga daftari lake, Git, mwanzoni mwa Aprili; na tarehe 7 ya mwezi huo Git ilianza kujihifadhi yenyewe. Katika mwaka uo huo iliongezwa amri ya kugawa nusu. Mwaka 2007 Christian Couder aliongeza njia ya kuiachia kompyuta utafutaji wote: mtu huandika jaribio mara moja, na mashine huzunguka peke yake hata ilitaje badiliko la kwanza lililo bovu.

Historia ndani ya Git si mstari. Watu hutengana, kila mmoja akaandika tawi lake, kisha matawi huunganishwa. Kila badiliko hubeba jina la mzazi wake, au wazazi wake ikiwa ni muungano. Huo ni mti wa nasaba kama ule wa miswada, isipokuwa hakuna kiungo kinachokosekana. Tena jina la kila badiliko hukokotolewa kutokana na yaliyomo ndani yake na majina ya wazazi wake, hata atakayegeuza herufi moja ya zamani atakuwa amegeuza majina ya yote yaliyofuata. Kugawa nusu hapa ni kuchagua badiliko ambalo wazee wake ni karibu nusu ya mti unaoshukiwa.

Mbinu hiyo ina masharti yake. Toleo la kale liweze kujengwa tena. Jaribio litoe jibu moja, si hili leo na lile kesho. Na kosa likiisha kuingia lisitoke na kurudi katikati ya njia. Zaidi ya hayo, kila badiliko liwe dogo, na kila hali iliyohifadhiwa iwe nzima ya kuweza kujaribiwa. Mtu akikusanya kazi ya mwezi mmoja katika badiliko moja, daftari litajibu ya kwamba kosa limo ndani ya mwezi huo, nalo ni jibu lisilomfaa mtu.

Hapo ndipo daftari lilipoanza kuwafundisha adabu waandikaji wake. Maagizo ya Linux yawataka wanaoleta mabadiliko kuyagawa katika hatua, na kuhakikisha kwamba mfumo wajengeka na kufanya kazi baada ya kila hatua, kwa kuwa wengine watakuja kuigawa historia hiyo na huenda wakasimama po pote. Kwa ajili hiyo wengi huyapanga upya mabadiliko yao kabla ya kuyatoa hadharani: rasimu zilizokosewa hufutwa, na hatua hupangwa kama zilivyopaswa kufuatana. Wako wanaolipinga jambo hilo, wakisema ya kuwa historia iliyopambwa si historia. Wanaolitetea hujibu ya kwamba kuandika kumbukumbu ili ieleweke si kusema uongo, maadamu yaliyokwisha tolewa hadharani hayaguswi. Mabishano hayo si mageni kwa wanahistoria. Jipya ni kwamba humu historia huandikwa na watu wanaojua ya kuwa itaitwa barazani kujibu maswali.

Kanuni na matumizi

Daftari hujibu ni lini na ni lipi. Halijibu ni kwa nini, wala halijui ni nani wa kulaumiwa. Hata hivyo katika Git amri inayoonyesha nani aliuandika kila mstari imepewa jina la Kiingereza lenye maana ya “lawama”. Jina hilo huvuta fikira mahali pasipo pake, kwani badiliko linalokamatwa mara nyingi limefichua tu kosa la kale lililokuwa limelala.

Tukio la mwaka 2010 laonyesha jambo hili vizuri. Katika lugha ya C kuna amri iitwayo memcpy, ambayo kazi yake ni kunakili data kutoka mahali pamoja pa kumbukumbu ya kompyuta hata mahali pengine. Kanuni ya lugha hiyo yasema wazi ya kuwa mahali hapo pawili pasiingiliane. Kwa mahali panapoingiliana kuna amri nyingine, memmove. Lakini kwa miaka mingi memcpy ilikuwa ikinakili kwa kwenda mbele, na waliovunja kanuni aghalabu hawakudhurika. Mwaka 2010 maktaba ya glibc iliongezewa memcpy yenye mwendo wa kasi, ambayo katika hali fulani ilinakili kwa kurudi nyuma. Watumiaji wa Fedora 14 walipoipokea, sauti za Flash zilianza kukwaruza, maana Flash ilitumia memcpy pasipostahili.

Badiliko lililohusika lilijulikana. Mabishano yalikuwa juu ya hukumu. Upande mmoja ulisema ya kwamba kanuni imeandikwa, aliyeivunja ni Flash, na glibc haina hatia. Torvalds, aliyeshiriki katika mjadala huo hadharani, alishika ya kwamba mtumiaji hanufaiki na kanuni ikiwa chombo chake kilichofanya kazi jana hakifanyi kazi leo. Mwaka 2011 toleo la 2.14 la glibc lilileta suluhu: programu zilizojengwa zamani ziliendelea kupewa mwendo usiodhuru, na zile zitakazojengwa baadaye zikafungwa na kanuni.

Mtaalamu wa lugha hatashindwa kuutambua ugomvi huo. Ni ule ule wa sarufi iliyoandikwa na usemi wa wasemaji. Matumizi yaliyozoeleka kwa miaka mingi hugeuka kuwa kanuni ya pili isiyoandikwa, na anayeirudisha kanuni ya kwanza kwa ghafula, hata akiwa na haki, huonekana kuwa ndiye mharibifu. Suluhu ya glibc ilitambua kanuni zote mbili, ikaipa kila moja zama zake.

Hatimaye yabaki mambo mawili ya kukumbukwa. La kwanza ni kwamba daftari la matoleo limempa mtu asiye bingwa uwezo wa kuleta ushahidi ambao bingwa hawezi kuukataa, nao uwezo huo wategemea uaminifu wa wale walioandika mabadiliko yao madogo madogo bila kujua ni lipi litakalohojiwa. La pili ni kwamba ushahidi huo huishia kwenye kiungo cha nasaba ambapo uzima uligeuka ubovu. Hapo mashine husimama, na kazi ya kusoma, kupima na kuhukumu huwarudia watu, kama ilivyowarudia wahariri wa miswada tangu zamani.